Mkono Kwanza, Kitabu Baadaye

Elinami mwanangu,

Habari za sweta, chaja, dawa ya tumbo na namba ya mchungaji wa huko Iringa sitaziandika hapa. Hayo umeshaambiwa, mengine mara tatu, na baba yako atayarudia alfajiri stendi kana kwamba unavuka mpaka. Mimi nataka kukuandikia kuhusu vitabu vya piano. Na kuhusu ile sentensi yako ya jana.

Najua uko Poli kwa bibi yako unamuaga, na simu yako haipatikani, kwa sababu kule mtandao haukamatiki mpaka upande juu kwenye kahawa. Nimeshukuru. Ungepatikana ningepiga, tungegombana tena, halafu ungeondoka kesho na kinyongo. Basi nimekaa mezani na kalamu. Kukaa kwenyewe ni jina tu. Tangu nianze nimeinuka kuangalia loshoro yako ya mahindi na maziwa ya mgando jikoni, nimeinuka kufunga dirisha, nimeinuka kulifungua tena. Baba yako kaniambia, "Mama Elinami, tulia basi. Mtoto anaenda kufundisha, haendi vitani." Nikamwambia aangalie mpira wake.

Boksi la vitabu liko hapa miguuni. Asubuhi nililijaza mpaka juu: kile chembamba cha wanaoanza, cha pili, cha tatu, mazoezi ya vidole, skeli, na kile kikubwa cha nyimbo za kanisa chenye sauti zote nne, ambacho jalada lake sasa ni selotepu kuliko karatasi. Baba yako alilinyanyua akaguna. Saa hizi limebaki nusu. Nimetoa, nimerudisha, nimetoa tena. Kila kitabu nikikishika nakusikia wewe mlangoni.

Maana jana ulinishika pabaya. Mama Glory amekuja kumchukua mtoto wake, mimi nimesimama kwenye rafu, wewe umesimama mlangoni na nguo za kupiga pasi begani. Mama Glory anasema, "Mwalimu, nakuomba. Krismasi tunapanda Machame, na babu yake ameshawatangazia watu kanisani kwamba mjukuu anapiga kinanda. Mpe hicho kikubwa. Ana akili huyu, usimwone hivi." Na mimi, mtu mzima, nikajibu, "Nadhani ataweza." Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye jalada.

Ukasema kwa ile sauti yako ya chini, ambayo ni mbaya kuliko kelele: "Mama, Glory bado. Mkono wake haujafika. Unataka kumfanya kama ulivyonifanya mimi."

Mama Glory akaanza kuvikagua viatu vyake. Ni mfanyabiashara, anajua duka linapofungwa. Akamshika mtoto mkono, akaaga. Tangu hapo mimi na wewe tumeongea habari za chumvi na maji ya kuoga tu.

Nilikasirika, Elinami. Nikuambie ukweli, nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilipiga pasi zile nguo mwenyewe nikachoma kola ya blauzi yako ya bluu. Utaiona. Nilikuwa najitetea kichwani usiku kucha: nani alimfundisha huyu kusoma noti? Nani alimnunulia piano wakati wenzake wanajifunzia kwenye kinanda cha betri? Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe ulifunzwa na mamako, ndiyo maana ukaikimbia piano.

Unajua nilivyojifunza mimi. Kinanda cha kukanyaga, kanisani kule kwa bibi, miguu haifiki vizuri, nakanyaga huku nimesimama nusu. Mwinjilisti wetu alikuwa na kitabu kimoja tu, kitabu cha nyimbo. Hicho ndicho kilikuwa cha kwanza, cha pili na cha mwisho. Noti hakuwa anazisoma hata yeye. Alisoma solfa kama kwaya yote, do re mi imeandikwa kwa herufi, na kila mtu anaikamata sauti yake kwa sikio. Nilikuwa naimba alto kichwani huku vidole vinaitafuta. Nilifika, ndiyo, lakini nilifika na vidole vilivyopinda, na mpaka leo kidole changu cha pete ni mvivu, unakijua. Nikaondoka pale na imani moja: kitabu ni kimoja, mtoto ndiye apande akifuate.

Kwa hiyo hata nilipopata vitabu vya hatua kwa hatua, pamoja na hii piano tuliyouziwa na ile familia iliyohama Themi, nilivitazama kama ngazi ambayo mtu mwenye miguu mirefu anaweza kuiruka vipandio. Na wewe ulikuwa na miguu mirefu. Au niliona hivyo. Kile chembamba ulikimaliza kwa raha. Ulipaka rangi picha zote, hata watoto wa kwenye theluji ukawapaka kahawia wakafanana na wa Kijenge. Noti tano, vidole vitano, mkono hauhami, na ulikuwa unacheka peke yako ukipiga. Mimi nikasema huyu yuko tayari. Kitabu cha pili nikakuvusha nusu, cha tatu nikakichana kurasa nilizozitaka.

Kosa langu hapo sikuliona kwa sababu lilikuwa na sura ya kipaji. Nilikuwa nakupigia wimbo kwanza, eti uusikie. Wewe unasikia mara moja, unarudia. Nikadhani unasoma. Hukuwa unasoma lolote, mwanangu. Ningekiweka kitabu kichwa chini ungepiga vilevile. Halafu, ili twende haraka, nikawa naandika solfa kwa penseli chini ya kila noti, kama kwaya. Macho yako yakahamia kwenye penseli. Ile mistari mitano ikawa pambo. Siku nilipofuta penseli ulinitazama kama mtu aliyezimiwa taa akiwa bafuni.

Kwa hiyo la kwanza ninalotaka ulishike huko Iringa ni hili, na najua unalijua kuliko mimi ila acha niliseme: mtoto mwenye sikio zuri ndiye wa kumchunguza zaidi. Mpe ukurasa ambao hajawahi kuusikia. Usimpigie. Mwangalie macho. Akisimama kidogo, akaendelea, kitabu ni chake. Akisimama kila mahali, mteremshe, na usimwambie kwamba umemteremsha.

Nimeinuka tena. Mvua imerudi, nimeenda kufunika piano na kile kitenge, kwa sababu masika ile noti ya chini kabisa inakwama na fundi mpaka atoke Moshi. Nimefika pale nikakumbuka ile Krismasi. Nilijua ningefika hapa tu. Nilikuwa nazunguka.

Ulikuwa na miaka kumi, tuko kanisani kule kwa bibi yako. Wote waliotoka mijini wamerudi, kanisa limejaa hadi watu wamesimama nje kwenye migomba. Nilikuwa nimemwambia kila mtu. Si babu wa Machame peke yake anayetangaza, unaona. Ule wimbo una sauti nne, na mkono wa kushoto unadai ufungue kiganja chote. Wiki nzima kabla yake uliniambia, "Mama, havifiki," nami nikakujibu, "Vitafika." Kana kwamba kidole ni mgomba, ukinyeshewa usiku asubuhi umerefuka.

Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukaanza kurukaruka, unaiacha noti moja ili uiwahi nyingine. Wa tatu ukasimama. Na usharika wa kwetu haumsubiri mpiga kinanda, wala haujawahi. Waliendelea kuimba kama gari lililomwacha abiria. Nikafanya kile nilichofanya. Nilikusukuma kwa nyonga, ukateleza hadi mwisho wa benchi, nikaingia na sauti zote nne nikawakuta pale pale walipo. Baada ya ibada watu walinishika mkono, "Mwalimu, umeokoa jahazi." Nami nilijibu asante. Nilikuona umekaa pale mwisho wa benchi, mikono katikati ya magoti. Nilikuona, Elinami, nikaenda kula.

Miaka minne hukuigusa piano. Mimi nilisema kwa watu kwamba ni mambo ya shule.

Halafu ile siku ya likizo nimetoka sokoni na kapu la mboga, nafika getini nasikia piano. Kitabu chembamba. Ukurasa wa kwanza, vitufe viwili vyeusi, vitatu vyeusi, vile vya watoto wa chekechea. Msichana mrefu kunishinda, anapiga vitu vya chekechea, polepole, anageuza ukurasa mwenyewe. Mikono iliniwasha. Nilitaka kuingia nikuambie ukunje vidole. Badala yake nikasimama nyuma ya mgomba wa ukutani mpaka mvua ikanikuta, halafu nikazunguka mlango wa nyuma nikagonga masufuria ili ujue nimerudi. Kitabu ulikuwa umeshakirudisha. Hatukuzungumza habari hiyo hata siku moja. Nadhani ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa, na nililifanya kwa sababu sikujua la kufanya.

Tangu umalize chuo ukaanza kuwachukua wanafunzi wangu wadogo wa Jumamosi, nimekuwa nakuangalia kutoka jikoni. Unampa kila mtoto vitabu viwili, kimoja cha kupandia na kimoja cha chini yake, cha kujifurahisha. Nilikuwa nakucheka. Nilisema unawadekeza. Sasa nawasikia wanakipiga kile cha chini kwa mama zao bila kuombwa, wanakuja wiki inayofuata vidole vimeshafunguka. Na zile nyimbo za watu wasiojulikana, za theluji na kengele za farasi, umezitoa ukaweka pambio wanazoziimba Jumapili, kwa noti kubwa ulizoandika mwenyewe. Mtoto akikosea anajua amekosea, kwa sababu wimbo anao mdomoni. Hilo mimi sikuliwaza miaka yote.

Na fotokopi! Usibane karatasi, nakusihi. Unamkumbuka Baraka wa Themi, niliyemwita mvivu mbele ya wenzake? Nilikuwa nimemtolea kurasa mbili kwenye karatasi moja pale steshenari, noti zimekuwa sisimizi. Mtoto hakuwa anaziona. Alipopewa miwani shuleni kwao alikuja akasoma ukurasa mzima, nami nikajifanya nakohoa. Alikuwa mpole, alisema tu, "Shikamoo mwalimu, leo naona." Mtoto akikushinda, kabla hujamgeukia yeye, kigeukie kitabu.

Sasa habari ya leo, ambayo ndiyo iliyonikalisha hapa.

Glory amekuja saa kumi na mwavuli unaomzidi. Mama yake kamshusha, akaniambia anarudi baada ya saa moja, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye kile kitabu kikubwa. Nami nilikuwa nimeshakiweka juu ya piano, kimefunguliwa kwenye wimbo wa Krismasi. Nilitaka kukuonyesha. Nilisema moyoni, akiweza huyu, Elinami atarudi jioni nimwambie, umeona?

Nikamwambia Glory aweke mkono wa kushoto juu ya vitufe aufungue wote. Akaufungua mpaka akasimamisha ulimi nje. Kidole kidogo kiko kwenye do, kidole gumba kimejikongoja hadi noti ya sita kikaishia hapo. Akaniangalia. "Bibi mwalimu, havifiki."

Elinami, ni maneno yako yale yale. Hata lile neno moja hakulibadilisha.

Nilikifunga kile kitabu. Nilichukua karatasi, nikachora mistari mitano mikubwa, nikaandika kiitikio peke yake, sauti ya kwanza tu, ambacho kinakaa ndani ya vidole vitano. Mkono wa kushoto nikaupa noti moja ndefu hapa, nyingine pale. Bila solfa. Bila kumpigia nikaweka mbele yake. Sijazoea kuandika kitu rahisi, kigumu nakiweza.

Akaanza. Kimoja, kingine, akafika katikati ya mstari wa pili, akakwama. Mvua tu juu ya bati. Nikasikia nyonga yangu inasogea. Nakuapia sikuituma, inajua njia yenyewe. Nilikuwa nimeshaegemea, bega langu limegusa bega lake, na mtoto ameanza kujivuta pembeni kunipisha. Hakuna aliyemfundisha kunipisha. Nikajiona.

Nikarudi nyuma, nikaikalia mikono yangu. Yote miwili, chini ya mapaja, kama mtoto wa shule aliyeambiwa atulie.

Glory kanitazama. "Bibi mwalimu, unasikia baridi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Endelea."

Hujui kunyamaza kulivyo kuzito kwa mtu kama mimi. Alihesabu mistari kwa kidole, kutoka chini, anataja majina kwa kunong'ona. Akakosea, akarudi. Akaipata. Halafu akapiga kiitikio chote tangu mwanzo, na alipofika pale pa kukwama aliipiga ile noti kwa nguvu kuliko zote, kama mtu anayegonga mlango wa kwao. Akaniambia, "Nimeisoma mimi."

Mama yake aliporudi aliisikiliza, akasubiri, akauliza, "Ni huu tu, mwalimu?"

"Ni huu tu."

"Sasa babu yake nitamwambiaje?"

"Mwambie anipigie mimi. Na umwambie aimbe mwenyewe hizo sauti tatu zilizobaki, si yupo kwenye kwaya?"

Alicheka, lakini hakufurahi. Huenda mtoto akahamishiwa kwa mwalimu mwingine. Nimekubali. Nimelia kidogo walipoondoka, nikasema ni kitunguu, baba yako akauliza tangu lini loshoro ikatiwa kitunguu.

Ulichosema jana kilikuwa kweli, na ulikisema mbele ya mgeni, na vyote viwili viliniuma. Nilikufanya vile. Siwezi kurudi kwenye lile benchi. Na kinachonitia wasiwasi, kinachoniinua kwenye kiti tangu Glory aondoke, si kwamba wewe utakwenda Iringa ukawafanyie watoto wa watu kama mimi. Hutafanya. Ninaogopa kwamba nabaki huku na hawa wanafunzi wako wadogo bila mtu wa kusimama mlangoni na nguo begani aniambie bado. Nipigie Jumamosi kabla ya saa kumi. Niambie hilo neno hata kama hujui ni mtoto gani.

Boksi nimelimwaga lote. Nilikuwa nakufungashia vitabu vya watoto ambao hata wewe hujawaona vidole. Huo ndio ugonjwa wangu, na karibu nikupakilie nao. Nimerudisha kimoja tu, kile chembamba, chenye watoto uliowapaka kahawia, na rundo la karatasi zenye mistari mitupu. Ukishaona mikono yao, niambie, nami nitatuma kwa basi kile wanachohitaji, sio kile ninachokipenda. Nafasi iliyobaki weka kahawa ya bibi yako. Najua amekufungia.

Kumbe giza limeingia. Nasikia pikipiki inakata kona, mbwa wa jirani anakubwekea, kwa hiyo ni wewe. Barua hii sitaificha kwenye boksi ukaisomee Iringa. Nitakupa mkononi, uisome ukila, mimi nitajifanya naosha vyombo.

Ukimaliza, njoo unipigie kitu kabla ya kulala. Chochote. Ukikwama, kwama tu, mama. Mimi nitakuwa pembeni yako kwenye benchi, nimeikalia mikono.

Mama yako